Mkaa wa Nyumba Tatu

Jumatano, 3 Desemba

Nisamehe, daftari. Tangu tupande mahindi sijakugusa, na sasa mahindi yamefika magotini. Sina sababu ya maana. Baraka anaota meno. Usiku analia, mchana analia, akinyamaza nalala nikiwa nimekaa.

Nepi hazikauki. Asubuhi mvua, mchana upepo wa Makambako, jioni mvua tena. Nimezitundika jikoni. Zinanuka moshi. Mtoto ananuka moshi. Mimi nanuka moshi.

Joeli yuko Makete na lori la viazi. Anasema atarudi mwezi wa kwanza. Krismasi nyingine bila baba. Sijakasirika. Nimechoka tu.

Imani karudi kutoka shule na kwenda moja kwa moja kwa simbilisi wake, wale wanyama wadogo wa manyoya wasio na mkia, hata viatu hajavua. Ana miaka saba. Amewalisha tangu Pasaka, wawili, alipewa na Upendo wakiwa wadogo kama ngumi. Majani, maganda ya viazi, mabua laini. Wamenona sasa, wanakimbizana chini ya kichanja cha vyombo na kupiga miluzi wakisikia kisu kinakata mboga. Hawana majina. Ndiyo sheria.

Jumamosi, 6 Desemba

Skola, mwenzangu wa utotoni, katuma sauti kwenye simu. Nimeisikiliza nikifua, nikafikiri maji yameniingia masikioni. Nikairudia.

"Reha mpenzi, mwaka huu siku ya pili ya Krismasi tufanyie kwangu Njombe. Wakwe wanakuja kutoka Dar. Nitapika mwenyewe, gesi ipo, ninyi mje na watoto tu. Halafu shoga yangu, simbilisi tuwaache kwanza. Unawajua watu wa kule. Watasema tunakula panya."

Panya.

Nimefua nepi ile ile mpaka ikataka kuchanika.

Sijamjibu.

Jumanne, 9 Desemba

Bado sijamjibu. Naandika hapa ili hasira ipate pa kukaa, isikae kwa watoto.

Kijijini Mdandu, tulikokulia, tulikuwa na nyumba tatu zimekaribiana: kwetu, kwa kina Upendo, na kwa Bibi yake Skola aliyemlea. Sisi na kina Upendo Walutheri, Skola na Bibi yake Wakatoliki. Siku ya Krismasi yenyewe kila mtu alikwenda kanisani kwake na kula kwao. Hatukuonana mpaka jioni. Kwa hiyo siku ya pili ikawa yetu. Haikuwa ya wazazi. Wala ya mchungaji wala ya padre. Ya watoto.

Kila mmoja alifuga simbilisi wake mwaka mzima jikoni kwao. Kila mmoja alitoka na kaa la moto kutoka mafigani kwao, kwenye kigae, kigae kingine juu kuzuia manyunyu, tukakutana nyuma ya jiko la Bibi. Makaa matatu, moto mmoja. Tulipika kwenye chungu cheusi cha Bibi. Mtu mzima haonji mpaka watoto washibe. Bibi alikaa mbali kidogo akimenya viazi, akijifanya hatuoni. Alikuwa anaona kila kitu. Chumvi ikizidi alikohoa.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Simbilisi wa Krismasi hapewi jina. Ukimpa jina amekuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani haliwi. Basi. Hatukulia kumchinja. Tulikuwa na adabu naye tu.

Ambaye kaa lake limezimika njiani aliitwa Mama Baridi mpaka Krismasi nyingine, na vyombo vyote aliosha yeye. Karibu kila mwaka alikuwa Skola. Alikuwa anaweka kigae chini ili achume matunda damu kwenye mti wa katekista.

Tumekua, tumeolewa, hatujaacha. Sasa tunakutana kwa Upendo, yeye ndiye aliyebaki Mdandu. Kaa la moto huwezi kupanda nalo basi, kwa hiyo tunabeba mkaa uliozimika, kipande kimoja kutoka jikoni kwako, umefungwa kwenye gazeti. Mwaka ule Imani alipokuwa na miezi michache tu nilikwenda naye mgongoni, mama yangu akanifokea barabara nzima. Nilikwenda.

Na aliyekuwa anagombania kichwa cha simbilisi kuliko sisi wote ni nani? Skola! Leo ni panya.

Jumapili, 14 Desemba

Upendo kapiga baada ya ibada.

"Kamwene, mama hasira."

"Kamwene. Umesikia ya mwenzako?"

"Nimesikia. Nenda. Kula kuku wake, nyamaza, rudi."

"Na wewe?"

"Mimi nina ng'ombe anakaribia kuzaa na palizi ya viazi. Halafu sina nguo ya kukalia makochi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Kwa hiyo Upendo haendi. Tulikuwa watatu, tumebaki wawili, na mmoja wa hao wawili anaona aibu. Mambo yanakufa hivi hivi. Hakuna anayegombana. Mtu mmoja ana wageni, mwingine ana ng'ombe.

Imani alikuwa anasikiliza. Kauliza kama mwaka huu atawasha moto yeye. Nilimwahidi mwaka jana kwamba akifikisha miaka saba atawasha. Mimi niliwasha nikiwa na miaka saba.

Nimemwambia ndiyo. Sijui nitatimizaje.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimemjibu Skola. Nimeandika: Tunakuja, na simbilisi tunakuja nao.

Kajibu kwa kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi.

Anadhani natania.

Jumatano, 24 Desemba

Baraka ana homa ya meno. Nimempa dawa, kalala kifuani, naandika kwa mkono mmoja.

Nimempigia Imani pasi gauni lake jipya. Kubwa, la kukulia, kama yalivyokuwa yetu. Katazama sweta nililoweka pembeni akanuna. Najua anachowaza. Mama zetu na Bibi walitushonea magauni kitambaa kimoja, halafu asubuhi ya Krismasi, kwa baridi ile, wakatuvalisha masweta juu mpaka shingoni. Gauni jipya na hakuna anayeliona! Jioni tukatembea nyumba kwa nyumba kusalimia, na kila mlango tulisimama tukafungua vifungo vya sweta, tukasema "Krismasi njema", tukafunga vifungo, tukaenda mlango mwingine. Upendo hakuwa na sweta la vifungo. Lake lilikuwa la kuvulia kichwani. Kila mlango alilivua lote, nywele zikasimama, akalivaa tena. Tulimsubiri. Hatukumwacha hata mlango mmoja.

Ndiyo maana nina hasira. Watu waliosubiriana vile.

Alhamisi, 25 Desemba

Kanisani. Kwaya nzuri. Baraka kalia kwenye mahubiri, nimesimama nje kwenye upepo nusu ya ibada. Wali na maharage, na kipande cha kuku kutoka kwa jirani. Joeli kapiga, mtandao ukakata.

Nimechagua mkaa. Mdogo, mgumu, wa jikoni kwangu. Nimeufunga.

Ijumaa, 26 Desemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tumefika Njombe asubuhi, ukungu umefunika hata taa za barabarani. Baraka mgongoni, Imani na kikapu, simbilisi ndani yake na majani yao. Skola katufungulia geti. Kanenepa kidogo, kapendeza, na nilifurahi kumwona, sitakataa. Kisha akaona kikapu.

"Reha. Umefanya kweli?"

"Nilikuambia."

"Kiweke stoo, haraka, kabla hawajatoka."

Tumekiweka stoo kama vitu vya wizi.

Sebuleni vigae vinang'aa, mtoto wangu anatembea kwa kunyata asianguke. Na pembeni ya televisheni, chungu cha Bibi. Chungu chetu. Amekisugua masizi yote, akakipaka kitu kinachometameta, akakijaza maua ya plastiki. Nilisimama pale. Skola aliondoka haraka kwenda kutazama wali.

Mkwe wake ni mama mpole, nisimseme vibaya. Alikuwa amejifunga vitenge viwili na blanketi juu, anatetemeka, anatuuliza tunaishije. Kampakata Baraka, kamwimbia, kalala. Mwanangu hajalala hivyo wiki nzima. Nilikula kuku. Nilinyamaza. Nilikuwa nafanya kama Upendo alivyoniambia.

Mpaka Imani alipopiga kelele stoo.

"Mama! Mama, kampa jina!"

Tumekimbia wote. Mjukuu wa yule mama, Glori, wa miaka mitano, kakaa chini na simbilisi jike mapajani, kamfunga utepe wa zawadi shingoni. Kasema huyu anaitwa Malkia. Imani kasimama juu yake, machozi yanatoka.

"Mfutie! Sema siyo jina lake!"

"Ni Malkia," kasema Glori. "Kaitika."

Mkwe kauliza taratibu, "Kwani huwa mnawafanya nini hawa?"

Skola akawahi kujibu. "Ni wa kuchezea tu, mama. Mapambo ya watoto."

Mapambo! Kama chungu. Kama sisi.

Nikasema. "Tunawala, mama. Tangu tukiwa wadogo kama hawa. Na kichwa kilikuwa cha Skola."

Yule mama akamtazama mkwewe. "Na wewe?" Skola akatazama vigae. Mama hakutukana, hakutema mate. Alisema ameshiba, akarudi kukaa, na sahani yake haikuguswa tena.

Skola alinivuta jikoni, akafunga mlango.

"Umenivua nguo mbele ya wakwe zangu."

"Wewe umemvua Bibi. Umemwekea maua ya plastiki."

"Wewe unaishi na watu wanaokujua, Reha! Mimi nachekwa ninavyosema. Nachekwa ninavyovaa sweta ndani ya nyumba. Unajua hata wananiitaje? Hujawahi kuuliza."

Sikuuliza. Nilimchukua Baraka akiwa bado usingizini, nikambeba, nikamwambia Imani achukue kikapu. Glori kashikilia simbilisi wake kwa mikono miwili, analia. Imani akamtazama, akafuta pua.

"Mwachie, mama. Ana jina tayari."

Tumerudi na mmoja. Na mkaa wangu kwenye gazeti, haujagusa moto. Kwenye basi Imani kauliza kama Krismasi ya mwaka huu ndiyo basi. Nilitazama dirishani. Mipaina tu na ukungu.

Jumamosi, 27 Desemba

Sijutii nilichosema.

Nilivyokisema, labda.

Hapana. Chungu kile! Kila nikifumba macho naona maua yale. Ya rangi ya waridi, na vumbi juu.

Jumatatu, 29 Desemba

Skola kimya. Mimi kimya. Upendo kasikia kila kitu, sijui kwa nani, katuma ujumbe: ng'ombe kazaa, ninyi wawili mmezaa nini?

Jino la Baraka limetoka, la chini, dogo kama punje ya mchele. Nilitaka kumwambia Skola. Ndiye aliyeona jino la kwanza la Imani, kwa Upendo, siku ya pili, alipomlambisha mchuzi na kijiko kikagonga. Nilishika simu. Nikaiweka.

Simbilisi aliyebaki haimbi tena akisikia kisu. Amejikunja pembeni ya figa peke yake. Imani hamsemi. Anamlisha tu.

Nimekuwa mkali kwa watoto leo. Imani kamwaga unga nikamfokea kama mtu mzima. Baadaye nimempaka mafuta miguu, akalala ameshika kidole changu. Hasira yangu ina pa kwenda, na siyo kwa huyu.

Alhamisi, 1 Januari

Nilikuwa napalilia nyuma ya nyumba, Baraka mgongoni, nikasikia hodi. Skola. Koti, viatu vya mjini vimejaa tope jekundu mpaka juu. Mkono mmoja Glori, mkono mwingine boksi la viatu lenye matundu.

Hakusalimu. Katoa gazeti mfukoni, kalifungua. Mkaa.

"Kwangu hakuna mkaa," kasema. "Natumia gesi. Nimeuiba kwa jirani."

Nilitaka kubaki na hasira. Nilikuwa nimejiandaa vizuri kabisa. Nikacheka mpaka Baraka akashtuka.

Kumbe alimpigia Upendo jana, akalia, Upendo akamwambia kama ni kulia, aje kulilia kwangu. Na mchana Upendo mwenyewe akaingia, kiroba cha viazi kichwani, matunda damu kwenye kanga, mkaa wake umefungwa. Kasimama mlangoni akatutazama.

"Huyu kaja na mkaa wa wizi? Mama Baridi hajabadilika."

Skola akasema kwamba mawifi zake wanamwita Mama Friji. Kwa sababu ya masweta. Ndilo jina ambalo sikuuliza. Alilisema akitazama chini.

"Mama Friji!" Upendo kapiga kofi paja lake. "Hao hawajabuni kitu. Sisi tulikuita hivyo kabla hawajalijua hata friji!"

Skola kacheka huku machozi yanamtoka. Nilimpa sweta langu jingine. Alilivaa juu ya koti.

Nikamuuliza kuhusu mkwe. Amemwambia kila kitu: simbilisi, Bibi, makaa, sheria. Asubuhi, Skola alipomchukua Glori, yule mama alimfunga mtoto vifungo vya sweta mpaka shingoni na kumwambia asimsumbue mwenyeji.

Haikuwa siku ya pili. Upendo kasema siku ya pili ni ile tukiwa wote. Tumepanga mawe matatu nyuma ya jiko, vipande vitatu vya mkaa katikati, vijiti. Imani kawasha. Upepo ukazima. Kawasha tena, kalala kifudifudi kwenye gauni la Krismasi akipuliza, majivu usoni, na sikumwambia kitu kuhusu gauni. Moto ukashika.

Tulimpika asiye na jina. Imani alimshikilia mwenyewe wakati Upendo anamchinja, hakugeuka. Tulipikia kwenye sufuria yangu, kwa sababu chungu hakikuja. Nilimtazama Skola kuhusu chungu. Akasema, "Najua." Nikasema, "Ujue na kukileta."

Malkia alikuwa kwenye boksi lake pembeni, anakula majani, utepe shingoni. Glori kauliza tunakula nini. Sisi watatu tukatazamana kama wezi. Imani ndiye kajibu, bila kupepesa.

"Simbilisi. Lakini siyo Malkia. Malkia ni mtu wa nyumbani."

Glori kafikiri. Kaomba viazi zaidi. Kisha akaomba mchuzi. Skola akashika mdomo.

Watu wazima tumekula baada ya watoto kushiba. Kichwa nimempa Skola.

Vyombo kaosha yeye.

Jumapili, 4 Januari

Wameondoka wote. Glori amerudi Dar na bibi yake. Malkia kabaki kwa Imani, wameahidiana. Imani kamwekea majani makavu pembeni ya figa pale alipokuwa anajikunja yule mwingine.

Mvua imepumzika. Nepi zimekauka nje kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, zinanuka jua. Baraka kalala. Ana meno mawili.

Joeli yuko njiani.

Siku ya pili mwaka huu itakuwa hapa kwangu Kitandililo. Nimewaambia, hakuna aliyebisha. Basi la kutoka Njombe linapita hapa kila siku, hakuna wa kusema hakupata nafasi. Ninavyosubiri bado ni hivi.

Kutoka kwa Skola:

Chungu cha Bibi. Bila maua. Asikisugue tena, masizi tutayarudisha sisi.

Mwiko wa Bibi, ule mfupi ulioungua ncha. Najua uko kwake.

Sweta la Imani la kijani, lilibaki stoo.

Sweta langu.

Kutoka kwa Upendo:

Mbegu ya viazi, debe moja.

Simbilisi dume mmoja, mchanga. Asiwe na jina.